Bata wa Uani

Mtu afugaye bata mjini huulizwa swali moja na kila amtembeleaye: anawafuga kwa faida gani? Swali hili halina ubaya. Kwetu sisi mnyama huingia nyumbani kwa sharti la kazi. Mbwa hulinda mlango, paka hukamata panya, mbuzi ni akiba ya siku ya dhiki, na kuku humngoja mgeni. Bata asiyeuzwa wala kuchinjwa hana mahali katika hesabu hii. Hula pumba, huchafua ua, huoga maji ya kununuliwa, kisha hutembea kwa madaha kama mdai aliyekuja kutaka haki yake. Nimewafuga bata kwa miaka kadhaa katika ua mdogo wa nyumba ya Dar es Salaam, wenye migomba miwili, mpapai mmoja na tuta la mchicha. Nataka kulijibu swali hilo kadiri niwezavyo, maana naona kuwa lina uzito kuliko wadhaniavyo waulizao.

Kwanza yafaa bata mwenyewe ajulikane. Yule aonekanaye katika nyua nyingi za pwani, mweusi na mweupe, mwenye ngozi nyekundu ya vinundu usoni, si ndege wa asili ya Afrika. Wenyeji wa Amerika ya Kusini walikuwa wakimfuga kabla ya mwaka 1492, Columbus alipovuka bahari. Baada ya hapo alichukuliwa na mabaharia akaenea duniani, na mwaka 1758 Carl Linnaeus, mtaalamu wa Sweden, alimtia katika orodha yake ya viumbe. Kwa nasaba yu mbali na bata weupe wa Asia na Ulaya. Akizaana nao, watoto wao huwa tasa. Lugha yetu, kwa ukarimu wake, haikujali tofauti hizo. Ilimpa jina linaloshabihiana na neno la Kiarabu, ikampa jina hilo hilo bata mzinga, ambaye si bata hata kidogo, na bata bukini, abebaye jina la kale la Madagaska.

Hata adui yake mkubwa hapa mjini ni mgeni. Kunguru mwenye shingo ya kijivu alitoka Bara Hindi akaletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19, akavuka mpaka mrima, na leo ndiye anyakuaye vifaranga mchana kweupe. Basi katika ua mmoja mgeni wa Amerika hujificha chini ya mgomba kwa kumwogopa mgeni wa Bara Hindi, mbele ya mwenye nyumba ambaye babu zake nao walikuja mjini kutoka bara. Mji ni watu waliokuja, na ndege wake hali kadhalika.

Bata huyu anafaa sana kwa makao ya kubanana kwa sababu ni mkimya. Dume halii, hutoa pumzi tu, kama mpira uliotoboka. Jike hunong'ona, wala sauti yake haivuki ukuta. Dume huweza kuwa na uzito maradufu ya jike. Wote wana kucha kali, kwa kuwa asili yao ni kulala juu ya miti, na usiku hutafuta mahali pa juu hata kama pa juu penyewe ni ukingo wa pipa. Afugaye penye ukuta mfupi hana budi kuwapunguza manyoya marefu ya bawa moja, ili waruke kombo wasifike kwa jirani.

Walakini tabia iliyonishangaza kuliko zote ni subira ya jike aatamiapo. Kuku hukaa juu ya mayai siku 21. Bata huyu hukaa siku 35. Hujinyonyoa manyoya laini ya kifuani akatandika kiota, na kila atokapo huwafunika wanawe kwa manyoya hayo. Hutoka mara moja tu kwa siku, upesi upesi, akala, akanywa, akaoga, akarudi na tumbo bichi juu ya mayai. Mtu atazamaye haraka hiyo huona kuwa maji si anasa kwake. Ni sehemu ya uzazi wake.

Hapa ndipo tulipofika penye shida yenyewe. Bata aweza kuishi bila ziwa, lakini hawezi kuishi vema bila chombo chenye kina cha kuzamisha kichwa chote. Kwa njia hiyo husafisha macho na pua; akinyimwa, macho huziba na kuuma. Karai la mafundi linatosha. Lakini maji ya karai huchafuka kabla ya adhuhuri, na yakiachwa siku nyingi huzaa mbu. Mji huu uliona homa ya dengi mwaka 2014, ukaiona tena mwaka 2019, na mbu aambukizaye homa hiyo hupenda maji yaliyotuama katika vyombo vya nyumbani. Basi karai halina budi kumwagwa kila siku. Nilipokuwa na bata sita, makarai mawili yalimaliza madumu mawili ya lita 20 kila kukicha. Maji machafu niliyamwagia migomba na mpapai, vikastawi ajabu. Mchicha sikuumwagia, kwa kuwa kinyesi cha ndege huweza kuchukua vijidudu vya maradhi mpaka sahanini.

Ng'ambo ya ukuta wangu anakaa bibi mmoja mjane, mfugaji wa kuku. Mwezi wa Oktoba mwaka 2022, mvua zilipochelewa na maji ya Mto Ruvu yakapungua, mji ulianza kupata maji kwa zamu. Katika siku zile nilimkuta mlangoni pake akihesabu ndoo mbele ya mwenye mkokoteni wa maji. Nilimwamkia: "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu," akajibu. Kisha akasema taratibu, bila hasira: "Bata wako wanaoga, na mimi maji ya udhu nanunua kwa ndoo."

Maneno yale hayakuwa matusi wala lawama. Yalikuwa hesabu, na hesabu yake ilikuwa sahihi. Mtu angeweza kumjibu kuwa fedha ni zangu, na anunuaye kwa fedha yake hamdhulumu mtu. Jibu hilo lina nguvu sokoni, lakini halina nguvu mlangoni pa jirani. Maji yanapokuwa haba, dumu moja linaloingia kwangu ni dumu moja lisilofika kwa mwingine, na bei hupanda kwa wote.

Nilikuwa na njia tatu. Ya kwanza ni kuwapunguzia bata maji: karai moja kwa siku nyingi, macho yao yazibe, mbu wazaliwe. Njia hii ingeonekana kuwa huruma kwa watu, kumbe ni madhara kwa bata na kwa watu pamoja. Ya pili ni kuendelea kama kwamba sikusikia. Ya tatu ni kuwapunguza bata wenyewe. Nyumbani kwa jamaa zangu, kijijini, kuna kijito kisichokauka. Huko bata angepata maji ambayo hapa hakuyaona tangu aanguliwe. Lakini kijijini hakuna bata wa kutazamwa. Nilijua kwa hakika kuwa mapema au baadaye, siku ya mgeni au siku ya sikukuu, wataingia chunguni, wala sikuwa na haki ya kuwawekea jamaa zangu sharti la kulisha mifugo wasiyoweza kuila.

Usiku kucha niliyapima mambo hayo. Lipi lililo bora kwa kiumbe: miaka mingi katika karai kavu, au michache katika kijito? Mwenye kupenda hujibu upesi kuwa uhai ni bora. Lakini yamkini asemaye ni mapenzi yake mwenyewe, wala si bata. Bata angeweza kusema, nadhani angeanza na maji.

Niliwapeleka wanne, dume akiwa mmoja wao, katika tenga la ukindu lililotandikwa majani ya mgomba. Walibaki majike wawili, na karai moja, na dumu moja. Kwa kuwa hakuna dume, mayai yao hayana mbegu na idadi yao haiwezi kuongezeka. Mayai hayo humpelekea bibi, naye husema yanafaa kwa maandazi kuliko ya kuku. Baada ya mwaka mmoja niliambiwa kuwa dume ameliwa siku ya Idi. Habari hiyo iliniuma, na sioni sababu ya kuficha kuwa iliniuma. Wala haikunifanya nitamani kuwa angebaki hapa.

Kuna jambo jingine lililonifungamanisha na majirani zangu. Mdondo ulipoingia mtaani, kuku walikufa mfululizo na bata wangu wakasimama wazima. Watu wakanong'ona kuwa bata ndio walioleta. Maneno yao hayakuwa upuuzi, kwa sababu bata huweza kubeba ugonjwa huo bila kuonyesha dalili. Lakini dawa ya manong'ono ni chanjo. Tone moja jichoni mwa kuku, kila baada ya miezi mitatu au minne, humkinga. Chupa moja hutosha ndege wengi mno kwa nyumba moja, na ikishafunguliwa haikai sana. Kwa hiyo nyumba nne tumeshirikiana kununua chupa moja na kuchanja siku moja. Nami hutoa fungu langu ingawa sina kuku hata mmoja. Afugaye ndege awezaye kuwa hatari kwa ndege wa wengine ana deni, na deni hulipwa kabla ya kudaiwa.

Sasa nalirudia swali la faida. Wafugao kwa nyama au kwa fedha hupata nyama na fedha, nami siwadharau. Ndio wengi, na nyumba nyingi husomesha watoto kwa mifugo. Afugaye kwa kutazama tu hupata kitu kidogo zaidi, nacho ni kipimo. Bata hakubali kuwa kama nitakavyo. Ana umbile lake, na umbile lake linadai lita kadhaa za maji, kivuli, mahali pa juu pa kulala, na kumwagwa kwa karai kila alfajiri, siku ya raha na siku ya homa. Ua wangu una ukubwa wake, na mji una maji yake. Baina ya mambo hayo matatu pana nafasi ya bata wawili tu, si sita. Kabla ya kuwafuga nilikuwa nikipima ua wangu kwa hatua. Sasa naupima kwa madumu, na katika kila hesabu namtia bibi wa ng'ambo ya ukuta.