Kipande cha Chuma

Mwaka 1987, matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, sikupangiwa kidato cha tano. Nilichaguliwa Chuo cha Ufundi Dar es Salaam, miaka mitatu ya cheti cha fundi sanifu, FTC. Baba hakufurahi. Kwake yeye mhandisi alikuwa kijana aliyesoma fizikia, kemia na hisabati (PCM), akapita Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), akapanda Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. "Wewe mwanangu watakufanya fundi," alisema, na siku ya safari hakunisindikiza stendi.

Muhula wa kwanza nilipewa kipande cha chuma, tupa na jiliwa. Kazi ilikuwa moja: kisawazishe mpaka pembe zake zote ziwe mraba. Nilikesha na malengelenge viganjani. Mwalimu alikuja na skwea, akaibana kwenye chuma, akakiinua kuelekea dirishani. Mwanga ukipenya, rudi kwenye jiliwa. Siku ya nne haukupenya. Usahihi niliujua kwa mikono kabla sijaujua kwa hesabu.

Nikawa fundi sanifu kiwandani. FTC iliweza kukufikisha Mlimani, ila kwa ufaulu wa juu na ruhusa ya mwajiri. Yangu ilikataliwa mara mbili. Nilipoingia hatimaye, mwaka 1994, waliotoka kidato cha sita waliniacha mbali kwenye hisabati. Karakanani walinifuata mimi. Tulifundishana usiku, na ndivyo nilivyovuka mwaka wa kwanza.

Mwaka 1997 chuo changu cha zamani kikawa, kwa sheria, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam. Mwaka huohuo sheria ikaunda Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi. Taratibu FTC ikaondoka, zikaja ngazi za tuzo za taifa za ufundi (NTA): ya sita ni stashahada, ya nane ni shahada. Binti yangu alizipanda, katika chuo kingine, bila kuomba ruhusa ya bosi yeyote. Siku ya mahafali yake nililia.

Lakini nilipomuuliza alikaa siku ngapi kwenye jiliwa, alijibu, "Tulikuwa kundi la watu kumi na wawili, baba. Zamu yangu ilikuwa asubuhi moja."

Ngazi imenyooka, na nisingependa turudi nyuma. Ninachowaomba walimu wa karakana, na wanaowapangia fungu la vifaa, ni kitu kimoja: kila mwanafunzi apewe kipande chake cha chuma, na siku za kutosha za kukimaliza.