Kabla umwite tasa, kapimwe wewe

Wasee, leo tuongee kitu hatuongeangi hata tukiwa kwa base: mbegu za mwanaume.

Nina shangazi aliyeitwa tasa miaka saba. Akapimwa damu, akapigwa picha ya mirija, akanyweshwa miti shamba chungu mpaka akakonda. Mume wake hakupimwa kitu. "Mimi niko sawa," eti kwa sababu kitandani hana shida. Ndoa ikavunjika. Shangazi akaolewa kwingine, sasa ana watoto wawili. Yule jamaa, mpaka leo, hajapimwa.

Hapo ndipo maboyz wengi hupotea. Nguvu za kitandani ni kitu kimoja, mbegu ni kingine. Unaweza maliza vizuri kabisa na kwa hayo manii kusiwe na mbegu hata moja. Karibu mwanaume mmoja kwa kila 100 yuko hivyo. Kwa macho huwezi jua, ni hadubini itakuambia.

Na ukipatikana hivyo, si lazima iwe mwisho. Kuna wale korodani zao zinatengeneza mbegu poa lakini njia imeziba. Daktari anaweka ganzi, anaingiza sindano nyembamba, anazivuta. Wengine korodani zenyewe zinatengeneza kidogo sana. Hao wanalazwa usingizi, korodani inafunguliwa, na daktari anatafuta kwa hadubini sehemu ndogo ambazo bado zinazalisha. Mbinu hiyo ilianza New York mwishoni mwa miaka ya 90. Karibu nusu ya wanaofanyiwa hupatikana na mbegu, nusu hawapati. Usidanganywe ni uhakika.

Chache tu zinatosha. Mwaka wa 1992 wataalamu wa Brussels walitangaza mimba za kwanza ambapo mbegu moja ilidungwa ndani ya yai moja maabarani. Shida ni doh: hapa Nairobi hiyo kazi ni laki kadhaa, na wengi wetu hatuna.

Lakini kipimo cha kwanza hakihitaji laki wala kisu. Unapewa kikopo, unaingia chumba, unatoka. Linganisha na yale shangazi alipitia.

Na wewe unayedungwa testosteroni gym ndio ujae kifua, jua hiyo sindano inaweza kuzima utengenezaji wa mbegu.

Mtoto ni wa watu wawili. Basi mkikosa, mwende mpimwe wawili, na mwanaume atangulie.