Usipoziba Ufa

Mimi ni mwalimu wa elimu ya watu wazima hapa Michenzani. Gego langu lilitoboka, likazibwa. Baada ya miezi michache, nikinywa maji baridi, linauma tena. Kizibo kilikuwapo. Lakini daktari wa meno aliona ufa mwembamba kati ya kizibo na jino.

Tazama chombo cha baharini. Mbao zikiwa nzima lakini kalafati ni mbovu, maji huingia. Jino nalo ni hivyo. Mate na vijidudu hupenya, jino likaoza chini kwa chini.

Kizibo cha fedha na zebaki hakigandi kwenye jino. Hushikwa na umbo la tundu. Saruji ya glasi-ayonoma hugandana na jino lenyewe. Katikati ya miaka ya 1980, hapa Tanzania, ilianza njia ya kusafisha tundu kwa vyombo vya mkono, bila mashine, kisha kuliziba kwa saruji. Leo inatumika nchi nyingi.

Lakini tundu likilowa mate, saruji haishiki vizuri. Daktari akikuwekea pamba mdomoni, vumilia. Jino lililozibwa likiuma, rudi mapema. Mimi nilirudi, likazibwa upya. Ningengoja, lingeng'olewa.