Karatasi Haina Homa

Goma, Alhamisi, 1 Agosti 2019
Mpaka wa Petite Barrière ulifungwa asubuhi. Rwanda wanaogopa Ebola. Katoni zangu nane za kaye, yaani madaftari, zikabaki Gisenyi. Baadaye wakafungua: maji ya klorini, kipimajoto kwenye paji la uso, halafu mama mbebaji akaniwekea katoni ya kwanza miguuni. "Papa, karatasi haina homa." Hakuna aliyeziandika zikivuka. Chukudu, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, imezifikisha depo.

Masisi, Jumanne, 6 Agosti
Nimefika na katoni tano. Moja imelowa pembeni. Tatu zimebaki Goma zikingojea ndege ya Walikale.

Masisi, Jumapili, 11 Agosti
Mpwa wangu amekuja na TFC yake, kazi ya kumalizia masomo: Rwanda na Burundi, nani anaingiza karatasi na kadibodi nyingi zaidi. Nchi mbili ndogo, anasema. Nikamwambia teritware ya Walikale peke yake ina kilomita za mraba 23,475, na Rwanda nzima 26,338. Akacheka, lakini aliandika.

Jedwali lake ni la dola. Mimi karatasi naijua kwa kilo: rame ya A4 ya gramu 80 ni kilo mbili na nusu, katoni ya rame tano ni 12 na nusu. Dola imebeba na nauli ndani yake. Tangu Februari Gatuna imefungwa, malori ya Mombasa yanazungukia Kagitumba. Karatasi ni ile ile, njia imerefuka. Mzigo wa Burundi unapanda kutoka Dar es Salaam, kwa barabara au kwa reli hadi Kigoma na kuvuka ziwa. Atalinganisha karatasi, au atalinganisha mafuta ya malori?

Halafu sura ya 48 ya forodha, ile ya karatasi anayoihesabu. Kaye ya kuandikia imo; kitabu cha kusoma kimehamia sura ya 49. Katoni iliyokuja na sabuni ndani huhesabiwa sabuni. Na magunia ya karatasi ya chai yanaingia matupu, yanatoka yamejaa majani. Rwanda walipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Burundi wametoa agizo lao Agosti mwaka jana tu na kutoa muda wa miezi 18. Hapo ndipo tofauti ya kweli ingeonekana, kwenye mifuko ya kaki. Mpwa hakuitenga. Kijana anapenda jumla.

"Mjomba, na katoni zako nane niziweke wapi?"
Kwenye jedwali lake zimo tayari, upande wa Rwanda. Kusoma zitasomewa huku.

Masisi, Ijumaa, 23 Agosti
Habari kutoka Mubi, huko Walikale: katoni tatu zimetua Kilambo, pale ndege inaposhuka juu ya barabara yenyewe. Ndege ikarudi Goma na kasiteriti, madini ya bati. Kaye moja kule sasa ina bei ambayo naona aibu kuiandika hapa.

Masisi, Jumatatu, 2 Septemba
Shule zimefunguliwa, msingi bure, ndivyo serikali ilivyotangaza. Wazazi ambao mwaka jana walinunua kaye mbili leo wametaka sita, kwa kuwa minerval, karo ya shule, imebaki mfukoni, na wengine wameleta watoto ambao sikujua kama wanao. Saa nne nilikuwa nimemaliza. Katoni tupu, zile ambazo hata forodha haizihesabu, mama wa fromage amezichukua zote tano, pamoja na ile iliyolowa, za kupakia jibini lake. Kesho zinashuka Goma.