Mwindo Asiye na Conga

Mwenzangu wa chumba ni mtu wa Walikale. Mimi ni wa Masisi. Jioni tunacheza sataranji. Zamani kila niliposhindwa, nilipanga kete upya na kudai mchezo mwingine. Siku moja akacheka: "Ndugu, unacheza kama Mwindo, lakini conga huna."

Wasomaji wa kitivo hiki wataelewa utani huo. Katika utendi wa Kinyanga aliousimulia Shekarisi Rureke mwaka 1956, ambao Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene waliuchapisha mwaka 1969, Mwindo anacheza mchezo wa mbegu za wiki na Sheburungu. Anapoteza kila kitu, kisha anaweka conga, usinga wake wa ajabu, na kurudisha vyote.

Kwa kuwa usinga sina, nilianza kuandika kila hatua daftarini. Mchezo mmoja niliamini kwamba nilishindwa katika hatua ya 31, malkia wangu alipoliwa. Daftari lilisema vingine. Katika hatua ya 17 mwenzangu aliondoa ngome iliyolinda mstari wake wa nyuma, na mfalme wake akabaki amezibwa na askari wake mwenyewe. Ngome yangu ingefika mstari huo na mchezo ungekwisha. Sikuona. Nilikuwa nimeshaamua kusogeza farasi, nikamsogeza.

Juma hilohilo nilirudia kusikiliza sauti ya nyanya yangu, niliyoirekodi kijijini kwa ajili ya tasnifu yangu kuhusu toni za Kihunde. Dakika ya 11 namwuliza neno la "mbegu". Analitaja, kisha anaanza kueleza jinsi mama yake alivyozificha mbegu za maharagwe walipokimbia. Namkatiza: "Tate, neno tu, mara mbili." Anatii. Analitamka mara mbili, polepole, na kunyamaza.

Neno hilo limo katika jedwali langu, na toni zake ni sahihi. Lakini neno likikaa kando ya jingine toni zake huweza kubadilika, na mfano nilioutafuta ulikuwa tayari mdomoni mwake, pamoja na habari ya mbegu ambayo sasa hakuna wa kunimalizia. Nyanya alifariki kabla sijarudi.

Likizo nitakwenda kwa mdogo wake. Orodha nitakuwa nayo mfukoni. Nitauliza mbegu, kisha nitanyamaza.