Basi Lisilo na Dereva



Jumapili iliyopita, baada ya Misa, vijana wa kwaya walituuliza: “Baba Paroko, ni kweli huko Ulaya kuna mabasi yasiyo na dereva? Na yakifika huku kwetu?” Tulicheka, lakini swali lile likatufuata hadi nyumbani.

Ni kweli kwa sehemu. Huko Scotland, kuanzia Mei 2023, mabasi yanayojiendesha yalibeba abiria kuvuka daraja la Forth kuelekea Edinburgh. Hata hivyo, mtumishi mmoja alilazimika kuketi kwenye usukani, tayari kuushika, na mwingine akawahudumia abiria. Basi “lisilo na dereva” likawa na watumishi wawili! Huduma hiyo ilisitishwa Februari 2025 kwa uchache wa abiria.

Basi la namna hiyo hutegemea kamera, ramani na vifaa vinavyohisi vitu kwa mbali. Je, litautambua mkokoteni wa ng'ombe usio na taa jioni, hapa Ufipa? Litajua njia ya kijijini iliyogeuka tope wakati wa mvua? Na nani atashuka kumsaidia bibi kupandisha gunia lake la maharage?

Lakini tusimsifu dereva kupita kiasi. Mashine hailewi, haisinzii, wala haishindani mbio na wenzake. Hapa tunayo maungamo yetu. Miaka kadhaa iliyopita tulipanda gari la jioni kutoka Sumbawanga kurudi Chala, tukaketi kiti cha mbele. Dereva alikuwa akisinzia. Tulimwona. Tukashika rozari, tukaona haya kumwambia mtu mzima asimame apumzike. Punde gari likaacha njia na kuingia mtaroni. Mama mmoja akavunjika mkono. Tulipomtembelea hospitalini, alituuliza kwa upole: “Baba, si ulikuwa mbele? Hukuona?”

Swali hilo linatuuma hadi leo. Nalo ndilo tunalowarudishia vijana wetu: mashine ikimgonga mtoto, nani ataulizwa “Hukuona?” Mwenye basi? Fundi aliyeitengeneza? Serikali iliyoiruhusu? Marehemu Papa Fransisko, akizungumza na viongozi wa G7 nchini Italia tarehe 14 Juni 2024, alisisitiza kwamba uamuzi lazima ubaki mikononi mwa binadamu. Basi, kabla mabasi hayo hayajaja, ijulikane nani atawajibika, nani atalipa fidia, na madereva na makondakta wetu watakula nini.

Nasi abiria tusiingoje mashine itufanyie wajibu wetu. Juma hili, ukiona dereva amechoka au anakimbiza gari, usinyamaze kama tulivyonyamaza sisi. Mwambie kwa heshima: “Kaka, tupumzike kidogo.” Rozari tutaisali pia, lakini baada ya kusema.

Mungu awabariki na kuwalinda safarini.

Paroko wenu, Chala