Swichi za Kariakoo

Mwaka 2009, maofisi ya eneo la Posta, Dar es Salaam, yalikuwa na habari moja tu: mkongo. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi mwezi Julai na kila mtu akawa anaisubiri intaneti ya kasi. Sisi wa chumba cha seva tulikuwa na shida yetu, diski. Seva hii imejaa pomoni, ile ya pembeni ina nafasi tele, na kugawana haiwezekani. Ikaamuliwa tununue hifadhi moja ya pamoja. Ubishi ukaja kwenye mtandao wa kuifikia.

Nilikuwa mdogo kuliko wote, kazi yangu kuandika yanayosemwa, na niliyasikia yote kwa hamu.

Wenzangu wawili walisimama na Fibre Channel. Nilielewa kwa nini. Ni mtandao uliobuniwa kwa ajili ya hifadhi: mtumaji hatumi kitu mpaka mpokeaji awe ametangaza kwamba ana nafasi, kwa hiyo data haipotei njiani kwa msongamano. Kasi yake wakati huo ilifika gigabiti 8 kwa sekunde. Lakini ilidai kadi zake, swichi zake na fundi aliyeisomea. Upande wa pili ilikuwa iSCSI, iliyofanywa kiwango rasmi mwaka 2004. Hiyo huzifunga amri za diski ndani ya pakiti za TCP/IP na kuzipitisha kwenye Ethaneti ya kawaida. Kwetu Ethaneti hiyo ilikuwa ya gigabiti 1. Mtandao ukijaa, pakiti hupotea na kutumwa upya. Diski ikichelewa, hifadhidata inachelewa, na mteja dirishani anasimama.

Mzee wetu wa kitengo alisikiliza, kisha akauliza: “Wanangu, swichi ikifa saa nane usiku, tunapata wapi nyingine?”

“Mzee, ya Fibre Channel itabidi iagizwe nje.”

“Na ya Ethaneti?”

Ya Ethaneti ilikuwa madukani Kariakoo, mwendo wa dakika chache.

Alichagua iSCSI, ila kwa masharti makali, na hapo ndipo nilipomheshimu zaidi. Swichi mbili za hifadhi peke yake, zisipitishe barua pepe wala kitu kingine. Kila seva iwe na njia mbili. Siku ya majaribio aliichomoa kebo moja kwa mkono wake huku kazi ikiendelea. Data ikahamia njia ya pili, na hakuna aliyepiga simu kulalamika.

Benki kubwa yenye kikosi chake cha watu wa hifadhi ilikuwa na kila sababu ya kuchukua Fibre Channel. Kwa ofisi yetu, yenye mafundi wachache, Mzee aliamua sawasawa.